Sura ya Wapunjao na Gunia la Mpanda

Aya za Kurani katika nchi yetu hutajwa mara nyingi kuliko zisomwavyo. Hutajwa katika hotuba ya Ijumaa, katika harusi na katika matanga. Huandikwa juu ya milango ya maduka na migongo ya magari. Na siku hizi hutumwa kila alfajiri kwa simu, aya moja kwa siku moja, kama posho. Wako pia wanaoziandika kwa zafarani katika sahani, wakaziosha kwa maji na kuyanywa kuwa kombe. Si nia ya makala haya kulaumu desturi hizi, kwa kuwa kila moja ina watu wake na hoja zake. Lakini swali moja lingali limesimama mbele ya mwanafunzi wa maandiko: aya humwongozaje mtu katika kazi yake ya mchana, anapokuwa hayumo msikitini wala matangani, bali yumo sokoni na mkono wake umo ndani ya mfuko wa mwenzake?

Kurani yenyewe imetoa jina la kazi inayotakiwa. Katika sura ya nne, ya thelathini na nane na ya arobaini na saba, wasomaji wanatakiwa wafanye tadaburi, na neno hilo la Kiarabu limetokana na asili yenye maana ya nyuma ya kitu na mwisho wake. Kutadaburi aya, basi, ni kuifuata mpaka uone inakoishia. Nasema kwamba wengi wetu huishika aya mwanzoni mwake, tukaiacha njiani, kisha tukashangaa kwa nini haikutufikisha. Uongozi wa aya hukaa aghalabu katika vijineno vyake vidogo, vile ambavyo msemaji mwenye haraka huviruka. Na asiyevitazama hupata maonyo mengi na uongozi mchache.

Ili neno hili lisibaki hewani, na tuchukue sura moja na mahali pamoja. Sura ni ya themanini na tatu, Al-Mutaffifina, iitwayo kwa Kiswahili sura ya wapunjao. Mahali ni Mpanda, mji mkuu wa mkoa wa Katavi. Sikuchagua Lamu wala Unguja, ambako aya ina wasomi wa kuitetea katika kila mtaa. Mpanda ni mji wa reli na madini: njia ya reli kutoka Kaliua ilifika huko karibu na mwaka 1950 kwa ajili ya risasi iliyochimbwa na kampuni ya Uruwira, na mgodi ule ulipofungwa mwaka 1960, reli ikabaki na watu wakabaki. Wilaya hiyo imehesabiwa chini ya Tabora, kisha chini ya Rukwa tangu mwaka 1974, na mwaka 2012 ikawa moyo wa mkoa wake yenyewe. Humo wamo Wakonongo, Wabende na Wapimbwe, wenyeji wa nchi. Wamo Wasukuma waliohamia na ng'ombe zao. Wamo waliotoka Burundi mwaka 1972 na watoto wao, waliopewa makazi Katumba na baadaye Mishamo. Wakatoliki ni wengi, na misheni yao ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ni ya tangu mwaka 1885. Mahali kama hapo aya haiwezi kutegemea heshima ya mazoea. Lazima isimame kwa maana yake.

Jambo linaloifanya sura hii ihusike na Mpanda ni mpunga. Katika mabonde ya Mwamkulu na Kakese, na kusini zaidi katika nchi ya Mpimbwe, mpunga ndio fedha ya mkulima. Naye, kama wakulima wenzake katika sehemu nyingi za Tanzania, anaijua lumbesa. Kwa msomaji ambaye hajapata kuiona, lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni, likatikiswa, likashindiliwa, likajazwa tena, kisha likaongezwa kichwa juu yake na kufumwa kwa kamba, hata likawa si gunia tena bali gunia na kilemba chake. Bei ni ya gunia moja. Kilemba hakina bei. Mnunuzi huyo huyo akifika mjini huuza kwa kilo, na hapo kila punje huhesabiwa. Sheria ya vipimo yaikataza desturi hii, na kanuni zataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Wakala wa Vipimo umeipiga vita kwa miaka mingi, nayo haijafa.

Sasa mhubiri anayetaka kuisema lumbesa huikimbilia sura ya wapunjao, nayo ni haki yake. Sura yaanza kwa kuwatakia maangamizo watu ambao, wanapopokea kwa watu kwa kipimo, hutaka kitimie, na wao wanapowapimia watu au kuwapimia kwa mizani, huwapunguzia. Lakini mwanafunzi makini atainua mkono na kuuliza swali. Kupunja, kwa Kiswahili, ni kumpa mtu pungufu ya haki yake. Muuzaji aliyebonyeza kitako cha kopo ndiye apunjaye. Mnunuzi wa lumbesa hatoi pungufu. Yeye anachukua zaidi. Tena aya inaposema juu ya kuchukua, haitaji kuzidisha, bali yataja kutimiza, na kutaka haki yako itimie si dhambi kwa mtu yeyote. Je, aya hii yamhusu mnunuzi wa Mpanda kweli, au mhubiri ameivuta kwa nguvu mpaka imfike?

Swali hili ni zuri, na halijibiwi kwa kupaza sauti. Na tutazame kwanza Kiswahili kimeipokeaje Kurani. Tafsiri kamili ya kwanza iliyochapwa ilikuwa ya Canon Godfrey Dale wa misheni ya Kiingereza ya Unguja, mwaka 1923. Ya pili ilitoka Nairobi mwaka 1953 kwa kazi ya Sheikh Mubarak Ahmad wa Ahmadiyya, akisaidiwa miongoni mwa wengine na Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, yule mshairi aliyetoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Ya tatu ni ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyokamilika mwaka 1969, nayo ndiyo iliyoenea zaidi katika nyumba za Waislamu; na mwaka 1995 ikaja ya Sheikh Ali Muhsin Barwani. Ni kazi kubwa zote, na kila moja ilikuwa na mpinzani mbele ya macho yake. Dale aliandika ili wamisionari wenzake waijue dini waliyokuwa wakishindana nayo. Farsy ametumia sehemu kubwa ya maelezo yake kuwajibu Ahmadiyya. Mashindano hayo yalinoa Kiswahili cha dini, walakini yalikuwa na gharama yake: panapokuwa na ugomvi wa itikadi, maelezo ni marefu, pale penye debe na mizani, ambapo madhehebu hayagombani, maelezo ni mafupi. Mkulima wa Kakese hana ugomvi juu ya itikadi ya Ahmadiyya. Ugomvi wake ni juu ya kilemba cha gunia.

Yuko mmoja aliyeifuata njia nyingine, naye ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947. Katika gazeti lake la Sahifa, tangu mwaka 1930, na baadaye katika Al-Islah, aliandika juu ya mambo ya kila siku ya watu wake: elimu ya watoto, fedha inayopotea katika sherehe, uvivu na deni. Makala zilizokusanywa katika kitabu chake kiitwacho Uwongozi zina fadhila hii, kwamba aya haiji pale kuwa pambo la mwisho, bali huja kuwa hoja. Kwa njia yake, mtu huanza na jambo lenyewe, akalijua sawasawa, ndipo akaiuliza aya.

Na tuiulize, basi. Darsa za pwani zimezoea kusoma tafsiri ya Kiarabu iitwayo Jalalayni, hasa katika mwezi wa Ramadhani baina ya Alasiri na Magharibi. Mwalimu husoma Kiarabu kipande kwa kipande na kukieleza kwa Kiswahili. Ni kitabu cha fadhila nyingi, na fadhila yake kuu ni ufupi. Lakini ufupi nao una kodi. Katika aya ya pili ya sura hii, Kiarabu hakikusema kwamba watu wale hupokea kipimo “kutoka kwa” watu. Kimetumia neno ala, ambalo maana yake ya asili ni “juu ya”. Jalalayni yaeleza kwamba ala hapa maana yake ni “kutoka kwa”, ikapita. Mwalimu naye hupita, na tafsiri za Kiswahili zikipita njia hiyo huridhika na “kwa”. Na “kwa” katika lugha yetu ni mtumishi wa kila mtu: twasema kwa watu, kwa mizani, kwa hiari, kwa dhuluma. Neno lililobeba mashitaka katika Kiarabu limekuwa katika Kiswahili neno lisilomshitaki yeyote.

Zamakhshari, mtu wa Khwarazm aliyefariki mwaka 1144, hakupita. Itikadi yake ya Mu'tazila imebishaniwa sana, lakini hata waliombishia walikubali kwamba katika sarufi ya Kurani alikuwa bwana. Katika kitabu chake cha Al-Kashshaf anaeleza kwamba ala imewekwa mahali pa “kutoka kwa” kwa sababu upokeaji wa watu hawa ni upokeaji wa kudhuru, wenye kuwaelemea wale wanaopokewa. Wanapima juu ya watu, kama mtu anayemwekea mwenzake mzigo mabegani. Kisha akaona jambo la pili lililo dogo zaidi. Aya ya tatu, inayosema juu ya kutoa, inataja vipimo viwili: kipimo cha chombo na kipimo cha mizani. Aya ya pili, inayosema juu ya kupokea, inataja kimoja tu, cha chombo. Kwa nini mizani imeachwa? Kwa sababu, asema, watu hawa walipokuwa wakipokea hawakutaka mizani; walitaka chombo, maana katika chombo waliweza kutikisa na kufanya hila katika kujaza.

Msomaji na asimame hapa kidogo. Mtu wa karne ya kumi na mbili, asiyepata kuliona gunia la mpunga wa Mwamkulu, ameieleza lumbesa kwa sababu ya kulitazama neno moja lililopo na neno moja lisilokuwapo. Kutikisa, kushindilia, kukwepa mizani wakati wa kununua na kuipenda wakati wa kuuza: yote yamo. Mhubiri wa Mpanda, basi, hakuivuta aya kwa nguvu. Alikuwa na haki kuliko alivyojua. Lakini haki isiyojulikana msingi wake ni dhaifu, kwani mtu wa kwanza atakayeuliza swali la mwanafunzi wetu ataiangusha. Na mnunuzi wa mpunga si mtu asiyejua kuuliza.

Hata jina la sura lina mafundisho. Tatfifu yatokana na neno lenye maana ya kitu kidogo, cha kupuuzwa. Wafasiri wa zamani walisema kwamba mpunjaji ameitwa hivyo kwa kuwa apatacho kwa wizi wa kipimo hakikosi kuwa kidogo. Hapo pana jambo linaloshtua. Maangamizo yametajwa mwanzoni mwa sura, wala hayakutajwa kwa ajili ya mwenye kuiba hazina, bali mwenye kuiba kombe la mchele. Kiswahili chetu chasema haba na haba hujaza kibaba. Sura yatwambia kwamba haba na haba hukipunguza kibaba pia. Kilemba kimoja cha gunia si kitu. Vilemba vya mavuno mazima ni ada ya shule ya mtoto.

Tukiifuata sura mbele, kama tadaburi itakavyo, twaona kwamba haiko mbali na soko hata inapokuwa inasema juu ya akhera. Baada ya kipimo yaja daftari: matendo ya waovu yamo katika kitabu kilichoandikwa, na ya wema katika kitabu kilichoandikwa. Baada ya daftari yaja kutu: mambo waliyoyachuma yameufunika moyo kama kutu ifunikavyo chuma. Mwisho yaja kicheko: waovu waliwacheka walioamini, wakakonyezana wanapopita karibu yao, na siku ile kicheko kitabadili wenyewe. Mhubiri huachana na sura baada ya aya ya tatu, akidhani kwamba habari ya biashara imekwisha. Haikwisha. Kipimo, daftari, kutu na kicheko ni mambo ya mtu mmoja katika hatua nne. Kwanza huongeza kidogo, kisha huandika, kisha hazoei kuona kosa, mwishowe humcheka anayetaka haki, akamkonyeza mchukuzi wake. Nani aliyekaa sokoni asiyekijua kicheko kile?

Kuna pingamizi moja lenye nguvu, nalo lastahili jibu. Mnunuzi atasema: mkulima ameridhika, hakulazimishwa, na Kurani katika sura ya nne imehalalisha biashara ya kuridhiana. Hoja hii ni ya zamani kuliko lumbesa. Katika sura ya Hud, Mtume Shuaibu anawaambia watu wa Madiani watimize kipimo na mizani kwa uadilifu na wasiwapunguzie watu vitu vyao. Nao wakamjibu kwa kumuuliza kama sala zake ndizo zinazomwamuru kuwataka waache kufanya wapendavyo katika mali zao. Hilo ndilo jibu la mnunuzi kwa lugha nyingine: dini na ibaki msikitini, mali ni yangu. Ama kuridhika kwa mkulima, yatupasa kukipima nacho. Mtu ambaye mpunga wake umelala nje, mvua ikinyemelea, deni la mbolea likingoja, na ambaye kama hakuuza leo hana wa kumuuzia kesho, husema “haya” kwa ulimi. Kuridhika ni jina kubwa kwa “haya” hiyo. Madiani haikuangamizwa kwa kukosa makubaliano.

Wala haki haitaki tumwache mkulima bila kumuuliza. Sura haikutaja cheo. Anayeloweka mpunga upate uzito, anayetia makapi katikati ya gunia na punje nzuri juu, naye yumo. Mpokezi wa dhuluma akiwa mtoaji wa dhuluma nyingine, haziondoleani, huwa mbili.

Nimesema kwamba aya yenye neno mahususi huongoza kuliko aya ya jumla inayotajwa kwa jumla. Mpanda yenyewe ina ushahidi wa pili, nao na tuupitie kwa ufupi. Mto Katuma hunywesha mashamba ya mpunga, kisha huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974. Kiangazi maji hupungua, na viboko hujazana katika madimbwi ya tope. Na sehemu ya maji hayo imekwisha kuchukuliwa juu, mashambani. Mahali kama hapo aya inayopendwa ni ile ya sura ya Warumi, isemayo kwamba uharibifu umeenea barani na baharini kwa yaliyochumwa na mikono ya watu. Ni aya ya kweli na ya kutisha, lakini kila asikiaye hudhani kwamba mikono hiyo ni ya jirani. Wachache hutaja habari ya ngamia wa Mtume Salehe, ambamo watu wa Thamudi wanaambiwa kwamba maji ni ya kugawana, na kila mmoja ana zamu yake ya kunywa. Ngamia yule alikuwa ishara na mtihani, na msomaji mwaminifu ataisema tofauti hiyo kabla ya kuikisia. Hata hivyo, ndani ya aya ile mnyama ana fungu la maji linalojulikana, na siku yake. Aya ya kwanza yatupa huzuni. Ya pili yatupa ratiba.

Yafaa kuongeza kwamba maana hizi hazimfungii mlango asiye Mwislamu. Mkristo wa Karema ana nabii Amosi, aliyewakemea wanaopunguza kipimo na kughushi mizani. Ana na Mithali. Katika soko la watu wa dini mbili, aya iliyosomwa kwa vijineno vyake huwaunganisha watu kwa sababu inaonyesha kitu ambacho wote wanakiona kwa macho, yaani kile kilemba cha kamba. Aya iliyopigiwa kelele tu huwagawa, maana kelele ina dini, na gunia halina.

Limebaki fungu letu sisi tunaosoma na kuandika. Imamu Maliki katika Muwatta amenakili msemo kwamba kila kitu kina utimilifu wake na upunjaji wake, na umenakiliwa pale palipokuwa na habari ya sala, si ya nafaka. Basi mwalimu naye ana kipimo, na mhubiri, na mfasiri, na mhakiki. Mhubiri huwataka wasikilizaji wake masikio kamili, kisha huwapa nusu ya aya. Mhakiki humtaka mwandishi utimilifu wa kila herufi, na yeye mwenyewe huwapimia wasomaji wake kwa kopo lililobonyea. Haya nayo ni kupokea kwa chombo na kutoa kwa hila.

Wanafunzi wa Kiswahili wana kazi mbele yao, tena si ndogo. Tafsiri tulizonazo zimetupa maneno ya Kurani. Bado hatujapewa maelezo yanayokaa sokoni, shambani na kisimani, yaliyoandikwa na mtu aijuaye sarufi ya Zamakhshari na bei ya gunia kwa pamoja. Mpaka atakapotokea, tutaendelea kutumiana aya alfajiri, na mchana kufuma vilemba. Ibn Abbasi amepokewa akisema kwamba watu wa Madina walikuwa wabaya mno wa vipimo, na sura hii iliposhuka wakavitengeneza. Hawakuwa na tafsiri wala maelezo. Walikuwa na aya, na kila mmoja alikuwa na debe lake mbele yake; wakatazama hiki, wakatazama hicho.